Tangi la samaki linakula umeme kiasi gani? Njia nne za kupima, na mahali pa kupunguza

Tunakaa wapangaji watatu kwenye mita moja ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla, huku Tabata, Dar es Salaam. Kila umeme ukiisha tunachanga, na kila tukichanga macho yanageukia tangi langu la samaki. Lina lita 120, taa yake inaonekana hadi uani na pampu yake inanguruma usiku kucha, kwa hiyo ndilo linaloshukiwa. Mama Rehema wa chumba cha mbele hakuniambia kwa ubaya. Alisema tu, "Baba Zawadi, mimi nalisha watoto na wewe unalisha samaki, lakini umeme tunachanga sawa." Sikuwa na jibu, maana hata mimi sikujua tangi linatumia kiasi gani.

Nikafanya la haraka. Nikaanza kuzima filta na pampu ya hewa saa nne usiku na kuziwasha saa kumi na moja alfajiri. Ulikuwa mwezi wa pili, joto la Dar limekolea. Alfajiri ya tatu nikakuta samaki wangu wote wanane, aina ya mbuna, wamepanda juu, midomo imegusa uso wa maji, mashavu yanapiga haraka haraka. Watatu hawakufika jioni. Nilipokuja kupima baadaye nikakuta pampu ile ya hewa inatumia uniti mbili na kidogo kwa mwezi mzima. Kwa pesa haifiki shilingi 800.

Hilo ndilo linalonifanya niandike. Watu wengi wanaotaka kupunguza umeme wa tangi wanaanza kukata kabla ya kupima, na wanachokikata mara nyingi ni kile kidogo kinachowapa samaki pumzi. Njia za kupima zipo, nyingine ni za bure. Nazilinganisha hapa, kisha nalinganisha na vifaa vyenyewe.

Tunapima nini, na kwa vigezo gani

Wati ni kasi ya kula, uniti (kWh) ni kile kilicholiwa. Filta ya wati 10 ikifanya kazi saa 24 kwa siku 30 inamaliza uniti 7.2. Taa ya wati 30 ikiwaka saa 8 kwa siku inamaliza uniti hizohizo 7.2. Jicho litailaumu taa kwa sababu inang'aa, filta itapita bila kuulizwa. Kwa hiyo kipimo kizuri ni kile kinachohesabu muda pamoja na wati.

La pili, pima kwa uniti, usipime kwa shilingi. Hapa Tanzania kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU tangu 2021, kwa hiyo 10,000 ya leo na 10,000 ya wiki ijayo huenda zisilete uniti sawa. Wenzetu wa Kenya wanalijua vizuri zaidi: gharama ya mafuta na ya fedha za kigeni inabadilika mwezi hadi mwezi, na bei ya tokeni inapanda na kushuka nayo. Mtu akisema "tangi limeniongezea elfu tano", huenda tangi halina kosa.

Kwa kila njia nimeuliza mambo matano: inakuonyesha nini, inasema kweli kiasi gani kwa vifaa vidogo, inagharimu nini kwa pesa na kwa taabu, ina usalama gani karibu na maji, na inamfaa nani.

Njia ya kwanza: kibandiko cha kifaa

Inakuonyesha nini. Wati zilizoandikwa na kiwanda. Unachukua wati, unazidisha kwa saa za siku, kwa siku 30, unagawa kwa 1,000. Umepata uniti za mwezi.

Usahihi. Kwa pampu na filta zinazofanya kazi muda wote kinakaribia, ingawa cha vifaa vya bei nafuu hukosea. Filta yangu imeandikwa wati 10, ikapimwa 8. Taa imeandikwa 24, ikapimwa 18. Hita ndiyo kibandiko hakiiwezi kabisa, kwa sababu inajiwasha na kujizima yenyewe. Hita ya wati 100 ukiihesabu saa 24 inakuja uniti 72 kwa mwezi. Ikiwa Tanga au Dar huenda isiwake hata mara moja. Ikiwa nyanda za juu mwezi wa saba inaweza kukaribia hizo 72.

Kuna mtego mwingine hapa. Baadhi ya pampu hazijaandikwa wati, zimeandikwa ampia. Watu wanazidisha ampia kwa volti 230 na kupata namba kubwa. Pampu ndogo zenye koili ya sumaku huvuta mkondo ambao sehemu yake hairudi kama kazi. Pampu ya ampia 0.07 itakupa 16 ukizidisha, na kumbe wati zake halisi ni nusu ya hapo. Mita ya nyumbani inakutoza hizo halisi. Ndiyo sababu hata kile kipimo cha fundi cha kukamata waya kama koleo, kinachosoma ampia tu, nisingekitumia kwenye tangi.

Gharama na taabu. Bure, dakika kumi.

Usalama. Chomoa kifaa kwanza kabla ya kukigeuza kusoma. Hita izime, iache ipoe ndani ya maji robo saa, ndipo uitoe. Ikitolewa ingali ya moto kioo chake hupasuka.

Inamfaa nani. Anayetaka makadirio ya kwanza, na yule ambaye bado hajanunua kifaa na yuko dukani anachagua.

Njia ya pili: mita ya LUKU yenyewe

Hii nimeipenda kuliko nilivyotarajia, na nitaieleza kwa kirefu kwa sababu wengi hawajui kwamba mita yao inaweza kazi hii.

Inakuonyesha nini. Matumizi ya nyumba nzima kwa wakati huo. Kwenye uso wa mita kuna taa ndogo nyekundu inayopepesa, na pembeni yake pameandikwa namba ikifuatiwa na imp/kWh. Nyingi ni 1000 au 1600. Maana yake taa ikipepesa mara 1,000 (au 1,600) umemaliza uniti moja. Zima kila kitu nyumbani isipokuwa tangi. Jokofu nalo lizime kwa nusu saa, halitaharibika kitu mlango ukibaki umefungwa. Sasa shika simu, fungua saa ya kuhesabu, anza taa inapopepesa na simamisha inapopepesa tena.

Kwa mita ya 1000, gawa 3,600 kwa sekunde ulizopata. Jibu ni wati. Ukipata sekunde 72, tangi linavuta wati 50. Ukipata 180, ni wati 20. Kwa mita ya 1600 gawa 2,250 badala ya 3,600. Mimi nilisimama ukutani na mtoto wangu akinisomea sekunde. Taa ya tangi ikiwa imezimwa, filta na pampu ya hewa peke yake, tulisubiri dakika tano na nusu kati ya mpepeso mmoja na mwingine. Wati 11. Mtoto akauliza kama mita imeharibika.

Usahihi. Hiyo ndiyo mita inayokutoza, kwa hiyo kwa pesa yako hakuna ya kweli zaidi. Tatizo ni kwamba ukisahau chaja moja au televisheni iliyolala umepima na hiyo. Ukitumia namba za uniti kwenye kidude cha ndani cha kuingizia tokeni badala ya taa, vumilia: kama kinaonyesha desimali moja tu, tangi la wati 20 linahitaji saa tano kusogeza tarakimu moja.

Gharama na taabu. Pesa hakuna, taabu ipo. Kwenye nyumba ya wapangaji lazima wote wakubali kuzima kwa wakati mmoja. Na kama mita yako imefungwa juu ya nguzo, ile taa huioni. Usipande, na usimwombe kijana apande.

Usalama. Unatazama tu. Usiguse lakiri wala usifungue chochote.

Inamfaa nani. Mwenye mita yake peke yake, iliyoko ukutani pa kufikika. Pia yeyote ambaye lazima awaonyeshe wengine ushahidi, kwa sababu kila mtu nyumbani anaiamini mita ya LUKU.

Njia ya tatu: mita ya kuchomeka kwenye soketi

Inakuonyesha nini. Unaichomeka ukutani, unachomeka kifaa juu yake, inasoma wati za sasa hivi na uniti zilizokusanyika tangu uanze. Hizo zilizokusanyika ndizo muhimu kwa hita. Iache saa 24, au bora siku saba ili ipite siku ya baridi na ya jua.

Usahihi. Kuanzia wati 10 kwenda juu nyingi ziko vizuri. Chini ya wati 5 zinaanza kuyumba. Nyingine zinaonyesha sifuri kabisa kwa pampu ndogo ya hewa. Dawa yake ni kuchomeka ekstensheni nzima ya tangi, kusoma jumla, kisha kuchomoa kifaa kimoja kimoja na kuona jumla inashuka kiasi gani. Pampu yangu ya hewa ikiwa peke yake ilikuwa inacheza kati ya 2.6 na 3.1, kwa kutoa kwenye jumla ikaja 3.

Gharama na taabu. Unainunua mara moja na inapima nyumba nzima miaka, kwa hiyo majirani wawili wanaweza kuchanga. Ila angalia plagi na volti. Ndugu wa Marekani wanapenda kuleta hizi kama zawadi, na za kule ni za volti 120 na pini za kule. Kwenye volti 230 zetu usijaribu hata kwa adapta. Ya Uingereza ndiyo inayoingia kwenye soketi zetu za pini tatu bapa.

Usalama. Hapa ndipo pa kuwa makini, kwa sababu umeongeza kitu kinene kati ya ukuta na plagi, karibu na maji. Soketi iwe pembeni ya tangi, si chini yake moja kwa moja, na kila waya ushuke chini ya soketi kisha upande kuingia, ili tone linaloteleza kwenye waya lidondoke sakafuni. Nyumba ikiwa na kikatio cha umeme unaovuja, kile mafundi wanachokiita RCD, soketi ya tangi iwe chini yake.

Inamfaa nani. Mwenye hita, mwenye vifaa zaidi ya vitatu, na mwenye kuuza samaki anayetaka kujua gharama ya kila tangi.

Njia ya nne: plagi ya WiFi inayopima

Inakuonyesha nini. Yaleyale ya mita ya kuchomeka, lakini kwenye simu, siku kwa siku na mwezi kwa mwezi. Pia inawasha na kuzima kwa ratiba.

Usahihi. Haipishani sana na ile ya tatu, na udhaifu wake kwa wati ndogo ni uleule. Si kila plagi ya WiFi inapima: kwa zile za chapa ya Tapo, kwa mfano, P110 inapima na P100 haipimi, na kwa macho zinafanana. Soma boksi.

Gharama na taabu. Inahitaji WiFi ya nyumbani ya masafa ya 2.4 GHz, na yenyewe inakula kidogo muda wote. Kwa aliyezoea bando la simu, haina maana sana.

Usalama. Yote ya mita ya kuchomeka, na moja kubwa zaidi: umeme ukikatika na kurudi, plagi inarudi imewaka au imezima? Kwenye nyingi unachagua mwenyewe kwenye programu. Kama imewekwa kubaki imezima na wewe uko kazini, filta imekaa kimya kutwa nzima. Kwa filta na pampu ya hewa lazima irudi imewaka. Jaribu kwa mkono kabla ya kuiamini: zima swichi ya ukutani, washa, tazama.

Inamfaa nani. Mwenye intaneti ya kudumu, anayesafiri, na anayetaka taa ijiendeshe yenyewe. Taa ndiyo kazi yake nzuri kabisa.

Ukishapima, unakata wapi?

Tangi langu lilisoma hivi kwa mwezi: filta ya wati 8, uniti 5.8; pampu ya hewa, uniti 2.2; taa ya wati 18 iliyokuwa ikiwaka saa 12, uniti 6.5. Jumla 14.4 hivi. Bei ya kawaida ya majumbani ni shilingi 292 kwa uniti, na ukiongeza VAT ya asilimia 18, ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1 inafika kama 356. Tangi zima ni shilingi 5,100 na kidogo. Nilishusha taa hadi saa 7, nikaokoa uniti 2.7, karibu shilingi 960. Samaki hawakujua tofauti, na mwani wa kijani kwenye kioo ukapungua. Hapo hapakuwa tena na cha kukata bila kuwaumiza.

Hita ni habari nyingine. Shemeji yangu yuko Njombe na tangi la lita 100. Alikuwa ameiweka hita kwenye nyuzi 27, tangi halina mfuniko, limesimama dirishani. Mita ya kuchomeka ikasema uniti 1.9 kwa siku. Akashusha hadi 25, akaweka mfuniko wa kioo, na nyuma na ubavuni akabandika yale mapovu meupe yanayofungia televisheni mpya. Wiki iliyofuata ikasoma 1.0. Kwa mwezi ni kutoka 57 hadi 30.

Sasa tazama anavyolipa. Yeye yuko kwenye kundi la D1, lile la matumizi madogo: uniti 75 za kwanza kwa shilingi 100, zinazozidi kwa 350, yaani 122 na 427 pamoja na makato. Nyumba yake bila hita ni uniti 60. Tangi lilikuwa linampeleka 117, na zile 42 za juu zote kwa bei ya 427. Zile 27 alizookoa zote zilikuwa za bei ya juu: zaidi ya shilingi 11,500 kwa mwezi, kwa mfuniko na mapovu ya kutupwa. Na kundi hilo ni la wenye wastani usiozidi 75. Anayezidi mfululizo anahatarisha nafasi yake humo. Kenya nako kuna ngazi, ya hadi uniti 30, ya 30 hadi 100 na ya zaidi ya 100, kwa hiyo hesabu ya kuvuka mstari inawahusu pia.

Kwa filta, watu wanauliza ipi inakula kidogo. Tuziweke tatu pamoja.

Sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa. Umeme: wati 2 hadi 5, uniti 1.4 hadi 3.6 kwa mwezi. Kazi: inachuja taratibu, inaongeza hewa hapohapo, haivuti vifaranga. Udhaifu: inapiga kelele, na haitoshi kwa samaki wakubwa wachafuzi. Inamfaa mfugaji wa samaki wadogo kama gapi na anayezalisha, hasa mwenye matangi mengi, maana pampu moja kubwa inalisha sponji kadhaa.

Filta ya ndani ya kuzamisha. Umeme: wati 5 hadi 10, uniti 3.6 hadi 7.2. Kazi: inasukuma maji kwa nguvu zaidi, na ukiielekeza juu inavuruga uso wa maji na kuleta hewa. Udhaifu: inachukua nafasi ndani na sponji yake inaziba upesi. Ni ya tangi la kawaida la sebuleni, lita 60 hadi 150.

Filta ya nje ya mtungi. Umeme: mara nyingi wati 15 hadi 25, uniti 10.8 hadi 18. Kazi: ina nafasi kubwa ya bakteria, maji yanakuwa maangavu, haina kelele. Udhaifu: bei, na umeme ukikatika muda mrefu kile kilichofungiwa ndani kinaanza kuoza. Inamfaa mwenye lita 200 na zaidi, au mwenye samaki wakubwa wa Ziwa Tanganyika kama frontosa. Akiibadilisha na sponji moja kwa ajili ya uniti kumi, atakuja kulipa kwa samaki.

Yoyote utakayochagua, haiwekwi kwenye taima. Ndani ya filta wanaishi bakteria wanaogeuza amonia ya samaki kuwa nitriti, kisha nitrati. Wanahitaji maji yenye hewa yapite muda wote. Na usiku ndio wakati mbaya zaidi wa kuzima, kwa sababu hata mimea ya tangini inaacha kutoa oksijeni na inaanza kuitumia. Maji ya nyuzi 25 yanaweza kubeba oksijeni kama miligramu 8.2 kwa lita, ya nyuzi 30 kama 7.5. Pwani tunaanza na kidogo.

Kwa pwani kuna jambo moja zaidi. Badala ya kuwaza hita, wazia feni. Feni ndogo ya kompyuta ya volti 12, wati 2 au 3, ikipuliza juu ya maji inayavukiza, na kila lita inayopaa inaondoka na joto la karibu uniti 0.67. Ndiyo maana kifaa kidogo hivyo kinaweza kushusha maji nyuzi mbili tatu. Dodoma penye hewa kavu inafanya kazi vizuri zaidi kuliko Dar penye unyevu. Utaongeza maji kila siku, hiyo ndiyo taabu yake.

Kwa hali yako

Uko pwani, tangi moja, huna hita: soma vibandiko, hakikisha kwa taa ya mita, punguza saa za taa ziwe 6 hadi 8. Usinunue kifaa cha kupimia kwa ajili ya tangi tu. Huna cha kuokoa kinachokirudisha.

Uko Njombe, Mbeya, Arusha au Nairobi na una hita: tafuta mita ya kuchomeka hata kwa kuazima, pima siku saba, funika tangi, pima tena. Kama bado hujachagua samaki, samaki wa dhahabu wanaishi vizuri kwenye maji ya nyuzi 18 hadi 22, na hutahitaji hita.

Una matangi kumi ya kuuza: mita ya kuchomeka kwenye ekstensheni ya kila safu, na sponji za pampu moja. Hapo wati 5 za kila tangi zinakuwa uniti 36 kwa mwezi.

Unasafiri na una WiFi ya kudumu: plagi ya WiFi kwenye taa. Filta ichomeke ukutani moja kwa moja.

Unakaa penye umeme unaokatika mara kwa mara: chagua kifaa cha wati chache hata kama bei ya umeme haikusumbui, kwa sababu ndicho betri inachoweza kukibeba. Betri ya volti 12 yenye Ah 7 ina Wh 84 ikijaa, yaani inaweza kutoa wati 84 kwa saa moja. Ukitumia nusu yake, pampu ya hewa ya wati 3 inayotumia volti 12 moja kwa moja inapata saa kama 14. Filta ya mtungi ya wati 20 kwenye betri hiyohiyo haipati saa mbili na nusu.

Unashiriki mita na wengine: pimeni pamoja, wote wakiwa wamesimama pale. Mimi niliandika namba zangu kwenye karatasi nikaibandika karibu na mita, uniti 11.7 kwa mwezi baada ya kupunguza taa, na sasa naongeza shilingi 4,200 juu ya mchango wangu. Mama Rehema aliisoma, akaenda ndani, akarudi kuniuliza kama ile mita ya kuchomeka naweza kumwachia kwa siku mbili. Anataka kuiweka kwenye jokofu.